Hodi kwa Mwenye Mlima: Adabu ya Wachimba Jinsengi wa Korea

Mtu akiingia nyumba ya wenyewe bila ya kubisha hodi, hata kama hakugusa kitu, kwetu pwani atashukiwa kuwa mwizi. Hilo kila mtoto analijua. Lakini msitu je? Msitu hauna mlango wala kizingiti, na hakuna asimamaye ndani yake akamwitikia mgeni "karibu". Aghalabu ya watu huingia na shoka, wakatoka na mzigo, na hapana aliyewauliza neno.

Kule Korea Kusini, katika milima ya mkoa wa Gangwon upande wa mashariki, wako watu ambao kwa karne nyingi hawakuingia msituni namna hiyo. Huitwa simmani. Kazi yao ni kutafuta mzizi mmoja tu, jinsengi ya mwituni, ile ambayo haikupandwa na mkono wa binadamu. Kabla hawajafunua jani hata moja, hujitakasa, hupika wali, huwasha mishumaa, na humwinamia Mwenye Mlima wakamwomba ruhusa.

Nimesoma habari za watu hawa kwa miaka, na naona waandishi wengi huzitazama kwa pande mbili tu. Wako wanaowacheka kwa ushirikina, na wako wanaohesabu fedha za mzizi mmoja mpaka wakasahau watu. Mimi nimekulia juu ya mkeka wa chuo, na mlima siuinamii. Lakini mtu akiishia hapo kwenye kuinama, atakosa kuona jambo kubwa zaidi. Kwa maoni yangu tambiko la simmani ni sheria, tena sheria iliyotungwa na masikini kwa ajili ya masikini, ili watu watano walioko porini na kitu kimoja cha thamani wasije wakadhulumiana.

MZIZI WENYEWE

Wakorea huiita jinsengi *insam*, na ile ya mwituni *sansam*, yaani ya mlimani. Jina hili la jinsengi latokana na Kichina, na maana yake ni mzizi mfano wa mtu, kwa kuwa mzizi wenyewe aghalabu hugawanyika ukafanya kama miguu na mikono. Wataalamu wa mimea huuita *Panax ginseng*, na hilo neno la mwanzo asili yake ni Kiyunani, lenye maana ya dawa ya kila ugonjwa. Kama kweli ni dawa ya kila ugonjwa, mimi si tabibu. Ijulikanayo ni kwamba mzizi huo una kemikali za jamii ya saponini ambazo wanasayansi wanazichunguza hata leo, na kwamba watu wa Mashariki ya Mbali wameutumia kwa kuongeza nguvu tangu zama za kale.

Mmea wake ni mfupi. Una ubua mmoja, na juu ya ubua matawi machache yenye vijani vitano vitano kama vidole vya kiganja. Kiangazi kikifika hutoa kishada cha tunda ndogo nyekundu, na hapo ndipo jicho la mtafutaji huweza kuuona kwa mbali. Hupenda kivuli kisichokuwa kizito sana, mahali ambapo jua hupenya kwa vipande chini ya miti mikubwa.

Shida yake ni ukuaji. Mbegu iliyoanguka hukaa ardhini kiasi cha mwaka mmoja na nusu kabla ya kuchipua. Kila majira ya baridi ubua hufa, ukaacha kovu dogo kwenye shingo ya mzizi, na simmani huhesabu makovu hayo apate kukisia umri. Yako mengine ambayo huumia ikalala ardhini mwaka mzima au zaidi bila ya kutoa jani. Jinsengi ya shamba huvunwa ikiwa na miaka minne hadi sita, nayo huwa imenona. Ile ya mlimani, baada ya makumi ya miaka, pengine bado ni nyembamba kama kidole cha mtoto. Na hiyo nyembamba ndiyo itafutwayo, ndiyo yenye bei ya kumbadilishia mtu maisha.

NCHI ILIYO VITABUNI MWETU

Msomaji asidhani kwamba Korea ni nchi iliyokuwa haijulikani kabisa na watu wa bahari yetu. Katika karne ya tisa, mwanajiografia Ibn Khurdadhbih aliitaja kwa jina la Sila, kutokana na ufalme wa Silla uliotawala huko hadi mwaka 935, akazitaja na bidhaa zitokazo huko. Baadaye al-Masudi akaandika katika kitabu chake cha *Muruj adh-Dhahab* kwamba wageni waingiao Sila ni nadra kutoka, kwa uzuri wa hewa yake na maji yake. Al-Masudi huyu ndiye yule yule aliyesafiri katika bahari ya Zanji, akarejea Uman kutoka kisiwa cha Qanbalu kiasi cha mwaka 916, na wataalamu wengi huona kuwa Qanbalu ni Pemba. Basi kalamu moja imetuandika sisi na imewaandika wao, ingawa huko Sila yeye mwenyewe hakufika, bali alisikia.

Jinsengi nayo ilikwishapanda vyombo zamani. Silla ilikuwa ikiipeleka China kuwa zawadi ya kifalme. Mwaka 1710 Wajapani walifua sarafu maalumu yenye fedha nyingi zaidi kwa ajili ya kununulia jinsengi ya Korea, kwani sarafu zao za kawaida zilikuwa zimechanganywa madini hafifu na Wakorea walizikataa. Fikiri, taifa zima kufua sarafu kwa sababu ya mzizi!

Kitu cha thamani namna hiyo hakikosi mfalme wa kukidai. Wakati wa ufalme wa Joseon, uliodumu tangu 1392 hadi mwisho wa karne ya kumi na tisa, vijiji vya milimani vilitozwa jinsengi kuwa kodi. Juu ya mlima wa Gariwang, wenye urefu wa mita 1,561, limesimama hadi leo jiwe la zama hizo lililochongwa maneno ya kutangaza kwamba mlima huo ni mlima wa jinsengi, nao umefungwa. Umefungwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mwanakijiji. Ikulu ilitaka mzizi, na mwanakijiji ndiye aliyekwenda kuutafuta.

Na safari hiyo haikuwa ya mchezo. Padri mmoja Mfaransa, Pierre Jartoux, alipita karibu na mpaka wa Korea mwaka 1709 alipokuwa akichora ramani kwa amri ya mfalme wa China. Aliandika kwamba mfalme huyo alikuwa ametuma watu 10,000 kutafuta jinsengi, na kwamba walilala nje, wakala walichokipata, na wengine wakaliwa na wanyama. Kwa upande wa Korea chui milia walikuwa wengi milimani. Walitoweka katika sehemu ya kusini mnamo miaka ya 1920.

KABLA YA SAFARI

Hivyo ndivyo tuwaelewe simmani: watu wa mashamba haba, wanaokwenda mahali pa hatari, kutafuta kitu ambacho pengine hakipo. Hapo ndipo tambiko lilipozaliwa.

Hawaendi ovyo. Huwa ni kundi, na kwa kawaida hesabu yao ni witri: watatu, watano, au saba. Kiongozi wao huitwa *eoinmani*, mzee aliyezeeka katika kazi, ajuaye vilima na mabonde kama sisi tujuavyo vichochoro vya mitaa yetu. Yeye ndiye achaguaye siku ya heri. Siku zikikaribia, kila mmoja hujiepusha na nyama na samaki, hujitenga na mkewe, huoga kwa maji baridi, na haendi penye maiti wala haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Mtu akifikwa na msiba au uzazi nyumbani mwake, safari kwake imekwisha. Hubaki. Kugombana na kuua mnyama njiani kadhalika ni uchafu uwezao kuiharibu kazi ya wote.

Tazama maana yake, ndugu msomaji. Mwenye msiba huachwa akae na msiba wake, wala hapana awezaye kumwambia ni mvivu. Mwenye mtoto mchanga hubaki na mkewe. Na yule mwenye ulimi mkali hujua kwamba akianza ugomvi, mzigo wa safari nzima kwenda bure utamwangukia yeye. Kwa watu watakaolala kibanda kimoja siku kumi au zaidi, sijui kama iko kanuni iliyo bora kuliko hiyo.

WALI WA MWENYE MLIMA

Wakifika mlimani hujenga kibanda cha matawi. Kisha huchagua mti mkubwa au jiwe, wakafagia chini yake, na hapo ndipo penye tambiko. Huweka mishumaa na uvumba, huweka tende za Kikorea, njugu kubwa za msituni, samaki mkavu na pombe ya mchele, wengine huongeza kichwa cha nguruwe. Lakini kilicho kikubwa ni wali, wanaouita *nogume*, uliopikwa katika chungu kidogo cha madini kilichotengwa kwa kazi hiyo. Wali huo ni mweupe na safi, hauonjwi na mtu kabla ya mwenyewe kupewa. Mzee humimina pombe, wote hupiga magoti wakainama hadi chini, na yeye husema ombi lao: wametoka wapi, ni nani na nani, wanaomba nini, na wanaomba warudi salama. Mwisho huchoma karatasi nyeupe, majivu yakapanda na moshi.

Huyo aombwaye ni Sansin. Nyuma ya mahekalu mengi ya Kibudha huko Korea utakuta kijumba kidogo, na ndani yake picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa chini ya msonobari, na ubavuni mwake amelala chui milia mpole kama paka wa nyumbani. Pengine mtoto mtumishi amesimama karibu, na pengine mzee ameshika mzizi wa jinsengi mkononi. Dini ya Budha ilipoingia Korea ilimkuta mzee huyu yupo, na badala ya kumfukuza ikampa chumba cha uani.

Ukale wake waonekana katika *Samguk Yusa*, kitabu kilichokusanywa na mtawa Iryeon katika karne ya kumi na tatu. Humo mna hadithi ya Dangun, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa taifa lao mwaka 2333 kabla ya Masihi. Yasemekana dubu na chui milia waliomba wafanywe watu, wakaambiwa wakae pangoni siku mia wakila vitunguu saumu na pakanga, wasione jua. Chui alishindwa akatoka mbio. Dubu alivumilia akawa mwanamke, naye ndiye mama wa Dangun. Na Dangun, baada ya kutawala miaka 1,500, hakufa kama wafalme wengine. Alijitenga akawa mwenye mlima. Basi simmani anapoinama mbele ya mti humwinamia mzee wa ukoo, mwenye nyumba ambaye yeye ni mjukuu wake.

NDOTO NA MANENO

Baada ya sadaka hulala, na ndoto ni sehemu ya kazi. Asubuhi mzee huuliza nani ameota nini. Mtu akiota mzee mwenye mvi, au akapewa mtoto mikononi, basi hiyo ni bishara njema, na huenda siku hiyo wakaelekea upande ule ndoto ilikoelekea.

Hapa tena naona hekima. Mzizi ukipatikana, husemwa kwamba mlima umetoa. Ukikosekana, husemwa mlima haujatoa. Aliyepata hana la kujisifia mno, na aliyekosa hana la kutukaniwa. Kiburi na husuda, mambo mawili yawezayo kuwaua watu porini haraka kuliko chui, yamepunguzwa makali kabla jua halijachomoza.

Mimi ni mtu wa tungo, na kilichonivuta zaidi ni maneno yao. Hilo neno *sim* lenyewe ni jina la kale la Kikorea la jinsengi. Liliandikwa katika *Dongui Bogam*, kitabu mashuhuri cha utabibu cha Heo Jun kilichochapishwa mwaka 1613. Watu wa mijini waliliacha wakashika jina la Kichina, na wachimba mizizi wakabaki nalo msituni. Isitoshe, wakiwa mlimani simmani hawasemi lugha ya nyumbani. Mchele una jina jingine, fimbo ina jina jingine, kibanda kadhalika. Baadhi yao dubu humwita *neopdae*, na chui milia humwita *durubari*, na maneno haya hutofautiana baina ya mlima na mlima.

Kwa nini? Wengine husema ni kwa kuficha siri ya kazi, wengine ni kwa hofu ya kumwita mnyama kwa jina lake. Hilo la pili halitatushangaza sisi tuliokatazwa na bibi zetu kumtaja nyoka usiku, tukaambiwa tuseme kamba. Lakini mimi naona liko na jingine. Mtu abadilishapo maneno hukumbuka kila saa kwamba hayuko kwake. Kila aombapo wali au fimbo, ulimi wake humwambia: wewe hapa ni mgeni.

NIMEONA SIM!

Sasa tufikie saa yenyewe. Watu wametawanyika mlimani, kila mmoja na fimbo yake akipekua majani kwa ncha. Ghafula mmoja huona vile vijani vitano na kishada chekundu. Hanyamazi akauficha. Huinua sauti akaita mara tatu: *Simbwatda!* Maana yake, nimeona sim!

Ukelele huo ni maarufu Korea nzima, hata watoto wa mjini ambao hawajaona msitu huusema kwa mzaha wanapookota kitu. Lakini kwa simmani ni tamko la kisheria, na litakalofuata hutegemea mapatano waliyoyafanya kabla ya kuingia msituni.

Mapatano ya kwanza huitwa *dokmae*, yaani kila mtu na chake. Aliyeona akaita ndiye mwenye mali. Wenziwe wakisikia ukelele husimama au hukaa palepale walipo, hawasogezi mguu, hata kama mzizi mwingine uko karibu na kidole cha mguu wao. Watangoja mpaka aliyeita amalize kutazama na kutia alama miche yote aionayo. Akisha kuwapa ruhusa ndipo nao hutafuta. Mapatano ya pili huitwa *wonangmae*. Hayo ni ya ushirika: kilichopatikana ni cha wote, aliyeona na asiyeona, na fedha hugawanywa sawasawa.

Hebu tuwaze kidogo. Hapana polisi huko juu wala hakimu. Mzizi mmoja waweza kuwa na thamani ya mapato ya miaka, na waweza kutiwa mfukoni. Ni nini kinachomfanya mtu aite kwa sauti badala ya kunyamaza? Ni nini kinachomzuia mwenzake kusogeza mguu? Ni ule wali waliouweka pamoja chini ya mti. Wameapa mbele ya aonaye. Mwenye Mlima kwao ni hakimu asiyelala, naye asubuhi amesikia majina yao yote.

Kisha kazi huenda polepole. Udongo huondolewa kwa kijiti na vidole, uzi mmoja mmoja wa mzizi hufuatwa hadi mwisho wake, kwani ukikatika thamani hupungua. Mzizi hufunikwa kwa kuvu la kijani la miambani, ukafungwa kwa gamba la mti. Simmani wa kweli huiacha miche midogo, na tunda nyekundu huzifukia karibu ili mbegu zisipotee. Halafu hurudi kwa Mwenye Mlima kushukuru.

MTOTO ALIYECHEMSHWA

Hadithi zao nazo zafundisha jambo hilo hilo, kwamba mzizi haupatikani kwa ubavu. Huko Geumsan, wilaya ya kusini, husimuliwa kwamba miaka 1,500 iliyopita kijana mmoja wa ukoo wa Kang alikuwa na mama mgonjwa. Alikwenda katika pango la mlima wa Jinak akaomba. Mzee wa mlima akamjia ndotoni, akamwelekeza penye mmea wenye matawi matatu na tunda nyekundu. Aliuchimba, akampikia mama yake akapona, na mbegu akazipanda chini ya mlima. Geumsan leo ni soko kuu la jinsengi, na mwaka 2018 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wake kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Tambiko la kumkumbuka kijana huyo hufanywa huko kila mwaka.

Hadithi ya pili ni nzito zaidi, nayo husimuliwa kwa namna nyingi. Mtu na mkewe walikuwa na mzazi mahututi. Akapita mtawa akawaambia kwamba dawa ni moja tu, wamchemshe mtoto wao. Walilia usiku kucha. Mwisho wakasema, mtoto twaweza kujaaliwa mwingine, mzazi hatapatikana tena. Mtoto aliporudi kutoka darasani walimtia chunguni, na mzee akanywa mchuzi akapona. Kesho yake mlango ukafunguliwa, mtoto wao huyo anaingia na vitabu vyake. Walipotazama chunguni wakakuta mzizi mkubwa wa jinsengi uliokuwa umechukua sura ya mtoto.

Nilipoisoma hadithi hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Kila aliyesoma chuoni anajua kisa cha baba aliyeamriwa kumchinja mwanawe, na namna fidia ilivyokuja. Sisemi kwamba hadithi hizi ni moja, wala kwamba moja imezaa nyingine. Nasema tu kwamba huko mbali nako wamekaa wazee wakajiuliza swali lile lile, mtu ampendaye sana atampa nini aliye mkubwa kuliko yeye.

JIWE, KARATASI NA WALI

Mambo leo yamebadilika. Vita vya 1950 hadi 1953 vilipita katika milima hiyo hiyo ya Gangwon. Miaka ya 1970 serikali ilianzisha kampeni ya vijiji vipya, na pamoja na kuleta mabati na barabara ilibomoa vibanda vingi vya matambiko kwa kuvihesabu kuwa ni ujinga. Milima mashuhuri ikawa mbuga za taifa, Jiri mwaka 1967, Seorak mwaka 1970, na Odae mwaka 1975, ambamo kung'oa mmea bila ruhusa ni kosa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2015, zaidi ya nusu ya wananchi wa Korea Kusini walisema hawana dini yoyote.

Watafutaji nao wamekuwa aina nyingi. Wapo wanaotawanya mbegu msituni wenyewe na kurudi baada ya miaka, na jinsengi hiyo ina jina lake, *sanyangsam*, na ukaguzi wake wa kiserikali. Wapo wanaotoka mijini mwisho wa juma na vyombo vya kuonyesha njia mkononi, wakazoa walichokikuta, kikubwa na kidogo. Hawa hawakulala na mtu kibanda kimoja wala hawakuweka wali. Wakiona hawana sababu ya kupiga ukelele.

Turudi mlima wa Gariwang, ule wenye jiwe la mfalme. Sehemu ya msitu wake ilikuwa hifadhi ya serikali. Ilipoamuliwa kwamba michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 ifanyike Pyeongchang, hifadhi ile iliondolewa kwa karatasi, na kuanzia mwaka 2014 miti kwa makumi ya maelfu ilikatwa ili kufanya njia ya watelezao juu ya theluji. Ahadi ilikuwa kwamba baada ya michezo msitu utarudishwa. Michezo ikaisha, mabishano yakaanza, na mwaka 2023 vibanda vya kuning'inia vilivyojengewa wanamichezo vilifunguliwa kwa ajili ya watalii.

Basi mlima mmoja umeona hifadhi za namna tatu. Mfalme aliufunga kwa jiwe, akaufungua alipotaka mzizi wake. Serikali iliufunga kwa karatasi, na karatasi nyingine ikaufungua. Masikini wa simmani hawakuwa na uwezo wa kuufunga wala kuufungua. Walijifunga wenyewe: matumbo yao, ndimi zao, na miguu yao mwenzao apigapo ukelele.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Na wao walichimba, na mzizi wa mwituni leo ni adimu kwa sababu watu wengi walichimba kwa muda mrefu, wenye tambiko na wasio nalo. Wali chini ya mti haukuweza kuzuia kodi ya mfalme wala tamaa ya soko. Ulichoweza ni kidogo, lakini kilikuwa kikubwa kwa wenyewe. Uliwawezesha watu watano wakose pamoja bila kulaumiana, na mmoja wao akipata, arudi nyumbani na uhai wake na wenzake.

Mwaka 2020 serikali ya Korea Kusini iliutangaza ukulima wa jinsengi na utamaduni wa kuitumia kuwa urithi wa taifa. Ni jambo jema. Lakini urithi wa shamba huhifadhika kwa urahisi, kwa kuwa shamba lina mwenyewe na ua. Urithi wa simmani ni mgumu kuhifadhika, maana hauna ua. Ni adabu ya mtu mbele ya kitu kisichokuwa chake na asichokipanda, wakati hapana amwonaye. Sisi tuliopakana na makaya ya Kilifi na Kwale twajua kwamba msitu ambao watu wameacha kuuonea haya hauchukui muda mrefu kuisha. Wenzetu wa Gangwon bado wanao wazee wachache wanaojua maneno ya mlimani. Inafaa vijana wawaulize sasa, hata vijana wasioamini kwamba yuko mzee mwenye ndevu nyeupe anayesikiliza.